Kunakili diski kuu

Kunakili diski kuu ni kuhamishia yaliyomo katika diski moja ya kompyuta kwenye diski nyingine kama yalivyo: mfumo endeshi, programu, mafaili na mipangilio. Hufanyika hasa mwenye kompyuta mpakato anapobadilisha diski iliyojaa au ya polepole bila kusimika kila kitu upya.

Kunakili mafaili kwa kawaida hakutoshi, kwa kuwa sehemu ya diski inayoiwasha kompyuta haionekani kati ya mafaili. Zinahitajika programu zinazosoma diski nzima. Mojawapo ni Clonezilla, programu huria kutoka Taiwan, inayowashwa kwa kutumia flashi. Linux ina pia amri ya dd, iliyorithiwa kutoka Unix.

Njia hii haihitaji intaneti wakati wa kunakili. Kwa anayeishi Chapwa, kata ya mji wa Tunduma katika Mkoa wa Songwe, na kununua bando la simu, hilo si jambo dogo: kusimika Windows upya pamoja na masasisho yake hula gigabaiti nyingi.

== Utaratibu ==
Diski mpya sharti ilingane na nafasi yake. Kompyuta mpakato nyingi za zamani hutumia diski ya SATA ya inchi 2.5, za karibuni hutumia kipande chembamba cha M.2. Hata M.2 ziko za SATA na za NVMe, na nafasi inayopokea aina moja huenda isipokee nyingine. Diski mpya huunganishwa kwanza kwa waya wa USB. Kwa USB 2.0, ambayo kwa kawaida hupitisha takriban megabaiti 30 kwa sekunde, gigabaiti 500 huchukua zaidi ya saa nne. Betri iwe imejaa na chaja ichomekwe, maana umeme ukikatika katikati, nakala haifai.

Kosa baya kuliko yote ni kugeuza chanzo na lengo. Hapo diski tupu huandikwa juu ya ile iliyojaa, na kazi ya miaka hupotea. Dd haimwulizi mtumiaji kama ana hakika. Diski zitambuliwe kwa ukubwa na jina la mtengenezaji, si kwa mpangilio wake kwenye orodha. Hata hivyo, mafaili yasiyo na mbadala yawekwe kwanza mahali pengine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa tarakimu 48 uandikwe kwenye karatasi.

Baada ya kunakili, kompyuta huzimwa na diski hubadilishwa. Inafaa ile ya zamani isiachwe imeunganishwa mara ya kwanza ya kuwasha, kwani zote mbili zina utambulisho uleule. Diski mpya ikionekana kuwa na ukubwa wa ile ya zamani, haijaharibika: nafasi iliyobaki bado haijagawiwa, nayo huongezwa kwa zana ya kusimamia diski.

== Diski ya zamani ==
Kunakili hakufuti chochote. Diski iliyotolewa hubaki nzima, na ni vyema kuitunza wiki kadhaa hadi mpya ithibitike. Ila ikiuzwa au kuachiwa fundi, matokeo ya wanafunzi, picha na nywila huenda nayo. Kuifomati kwa haraka hakuondoi mafaili hayo. Yanaweza kurejeshwa kwa programu za kawaida. Kwa shule, zahanati na ofisi nchini Tanzania, taarifa za namna hii zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.