Kisiwa cha Lulu na Haki ya Kukaa

Wanaoandika kuhusu The Pearl, kisiwa cha kutengenezwa kando ya Doha, hupenda kusema kwamba mahali pale hapana historia. Wana sababu ya kusema hivyo. Ujenzi ulianza mwaka 2004, bahari ikajazwa mchanga hadi zikapatikana karibu hekta 400 za ardhi mpya, na wakazi wa kwanza wakahamia mwishoni mwa muongo ule. Hata sura yake imeazimwa kwingine. Porto Arabia ni ghuba ya boti za kifahari iliyozungukwa na minara ya ghorofa, kwa mtindo wa miji ya pwani ya Hispania na Italia. Qanat Quartier ina mifereji na madaraja yanayoiga Venice. Viva Bahriya imejengwa kwa mapambo ya Morocco. Familia inayotoka Nairobi au Dar es Salaam, baba mhandisi wa gesi au mama daktari, hukuta pale roshani inayotazama maji, ufuo wa watoto kuchezea, duka la vyakula chini ya ghorofa, na jirani wa kila taifa. Lakini historia ipo, nayo imo katika swali ambalo mtu halioni akiwa dirishani: anakaa pale kwa idhini ya nani? Nadhani swali hilo ndilo linalopanga maisha ya kila siku ya familia za kisiwa kile, kuanzia shule ya mtoto hadi safari ya likizo. Ni swali la zamani katika bahari ile, na watu wa upande wetu wa Bahari ya Hindi wamewahi kulilipia kwa miili yao.

Kabla ya mchanga kumwagwa, eneo lile lilikuwa la kuzamia lulu, ndiyo maana likapewa jina hilo. Msimu mkuu ulikuwa miezi kama minne ya joto kali, Juni hadi Septemba. Mzamiaji alibana pua kwa kibano cha mfupa au gamba la kasa, akaweka mguu juu ya jiwe lililofungwa kamba, akashuka nalo mpaka chini huku kikapu kikining'inia shingoni. Alichuma chaza kwa pumzi moja, kisha akatikisa kamba ili mvutaji aliyebaki chomboni ampandishe. Alipumzika kidogo, akashuka tena, na hivyo hivyo hadi jua lilipotua. Nyumbani familia yake ilikuwa inakula mkopo, kwa kuwa nahodha alitoa fedha kabla ya msimu na kuzikata baada ya lulu kuuzwa. Mara nyingi kilichobaki kilikuwa ni deni. Katika sehemu nyingi za Ghuba mzamiaji mwenye deni hakuweza kuhamia chombo kingine bila kulilipa, na akifa, wanawe waliweza kudaiwa. Huyo alikuwa mtu huru. Pamoja naye walizama watumwa, na wengi wao walitoka Afrika Mashariki au walizaliwa na wazazi waliotoka huko. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameonyesha jinsi hamu ya soko la dunia kwa lulu na tende za Ghuba ilivyoendeleza mahitaji ya watumwa hao hata baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya biashara yenyewe. Lulu zilizovaliwa Paris na New York zilikuwa na sehemu yake ya pumzi za watoto walioibwa kwenye pwani yetu.

Uhusiano huo haukuwa wa utumwa peke yake, na tusipoutazama upande wa pili tutaielewa Doha nusu tu. Majahazi ya pepo za msimu yalibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi miji ya Ghuba isiyokuwa na miti. Boriti hizo ndizo zilizoezeka nyumba za zamani. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kama mita tatu hivi, kwa hiyo umbo la chumba alimolala mfanyabiashara wa lulu pamoja na mkewe na wanawe lilipimwa na mti uliokatwa kwenye tope la Rufiji. Ngoma ya liwa inayochezwa Ghuba mpaka leo ilivuka kwa njia hiyo hiyo ya bahari, na baadhi ya nyimbo zake bado zina maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo anayesema kwamba Mswahili wa leo anaingia Doha kama mgeni kabisa anasahau kwamba mbao na ngoma zake zilitangulia kufika.

Sasa tuje kwenye haki ya kukaa. Soko la lulu lilianguka baada ya mdororo wa mwaka 1929 na kuenea kwa lulu za kufugwa za Japani; mafuta yakapatikana Dukhan, na mwaka 1949 meli za kwanza zikayabeba kwenda nje. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952, wamiliki wakalipwa fidia. Baadaye sheria ya uraia ya mwaka 1961, na ile ya 2005 iliyochukua nafasi yake, zikaweka msingi kwamba raia wa asili ni watu waliokuwa wakiishi nchini kabla ya mwaka 1930. Hapa pana jambo zito. Wengi wa uzao wa waliofikishwa kwa nguvu, kwa kuwa wazee wao walikuwapo enzi za lulu, leo ni Waqatari kamili, wakibeba mara nyingi majina ya koo za waliowamiliki wazee hao. Wanaofika kwa hiari yao, wakiwa na shahada na mkataba, wanatakiwa na sheria hiyo ya 2005 kuishi miaka 25 mfululizo kabla hata ya kuomba uraia, na mtoto wao akizaliwa Doha haupati kwa kuzaliwa pale.

The Pearl ilipata umaarufu kwa kulegeza mlango huo kwa njia ya fedha. Sheria ya mwaka 2004 iliwaruhusu wageni kumiliki nyumba kisiwani, na kanuni za mwaka 2020 zikaongeza maeneo mengine na kueleza wazi kwamba mwenye nyumba ya thamani ya riali 730,000 au zaidi anapata ukaazi kwa umiliki wake. Lakini familia nyingi za kutoka kwetu hupanga, hazinunui. Ukaazi wao unatokana na kazi ya mzazi mmoja. Ili alete mke au mume na watoto, lazima mshahara wake ufike kiwango kilichowekwa. Binti anabaki chini ya udhamini wa mzazi mpaka aolewe. Mtoto wa kiume, mpaka afikishe miaka 25. Kazi ikikatika, kitambulisho cha ukaazi cha kila mmoja kinatetereka, na shule, bima na hata pango vinafuata. Ndani ya fleti hiyo hiyo, katika chumba chembamba karibu na jiko, huenda analala dada wa kazi kutoka Kenya au Uganda. Huyo amekuja kwa mkataba wa ajenti, na watoto wake amewaacha kwa bibi yao. Kiwango cha mshahara kinahakikisha kwamba yeye hawezi kuwaleta. Nyumba moja basi ina familia mbili, na moja kati yake haionekani.

Kuna watakaosema kwamba kuweka mzamiaji mtumwa na mhandisi wa leo katika hoja moja ni kuwakosea wote wawili. Pingamizi hilo lina uzito, nami sidai kwamba hali zao ni sawa. Mhandisi anaweza kupanda ndege kesho. Dada wa kazi naye ana sheria ya mwaka 2017 inayomwekea ukomo wa saa 10 kwa siku na siku ya mapumziko kila wiki. Ruhusa ya mwajiri ya kutoka nchini iliondolewa kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018 na kwa wa nyumbani mwaka 2020. Mwaka huo huo ikaruhusiwa kubadili mwajiri bila idhini ya wa kwanza, na tangu Machi 2021 kima cha chini ni riali 1,000 kwa mwezi. Hayo ni mageuzi ya kweli, na anayeyapuuza hawatendei haki walioyapigania. Ninachosema ni kitu kimoja: kuwapo kwa mtu kumeendelea kutegemea nyumba au ofisi ya mtu mwingine. Deni la nahodha limekwisha, kamba aliyoshika mvutaji imekwisha, ila udhamini umebaki. Na sheria ya saa 10 ina nguvu ndogo inapofika nyuma ya mlango wa fleti, mahali ambapo mkaguzi haingii kwa urahisi.

Hapo ndipo mfano wa Hispania unapotufaa. Familia inayohamia Málaga au Valencia hupitia dhiki zake, zikiwamo kazi za msimu, lugha, na miaka ya kusubiri karatasi. Hata hivyo inaweza kujiandikisha kwenye daftari la wakazi la manispaa, mtoto ana haki ya shule ya lazima bila kujali karatasi za wazazi, na baada ya miaka 10 ya ukaazi halali mtu anaweza kuomba uraia, hata kama si tajiri. Wajenzi wa The Pearl walichukua rangi za kuta na mashua za pwani ile. Daftari hawakulichukua.

Wapo pia watakaosema kwamba familia zetu hazihitaji daftari hilo, maana zimefuata riali na zinajenga Kigamboni au Mtwapa. Kwa wazazi hilo mara nyingi ni kweli. Kwa watoto sivyo. Mtoto aliyelelewa Qanat Quartier tangu akiwa mchanga anaijua Mombasa ya likizo tu. Sheria ya ukaazi wa kudumu ya mwaka 2018 ilimfungulia upenyo: miaka 10 kwa aliyezaliwa Qatar, miaka 20 kwa aliyezaliwa nje, lakini watakaopewa wasizidi watu 100 kwa mwaka. Kijana aliyefika miaka 25 kwa kawaida itambidi atafute mwajiri wake mwenyewe na kuingia kwa mlango ule ule alioingilia baba yake.

Maisha ya vijana hao hayajaandikwa, na yanastahili kuandikwa na watu wetu. Jumba la makumbusho la Bin Jelmood, katikati ya Doha, lililofunguliwa mwaka 2015, linasimulia utumwa wa Ghuba bila kuficha na linagusa hata unyonyaji wa sasa. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu watumwa binafsi wa enzi za lulu imetokana na maelezo waliyotoa walipokimbilia ofisi za Waingereza, Bahrain, Sharjah na Bushehr, kuomba hati ya uhuru. Karani aliandika mistari michache: jina, umri, mahali alikotoka, aliyemchukua, aliyemmiliki. Wengine walitaja Zanzibar. Familia za The Pearl zina karatasi nyingi kuliko hizo, kuanzia mikataba ya pango hadi barua za shule na vitambulisho vilivyokwisha muda, na nyingi hutupwa siku ya kufunga mizigo.