Kabla Hujanunua Nyumba Karibu na Kazi, Uliza Mtaa Ulianzaje

Wacha nianze na ubishi wa nyumbani kwangu, maana ndio umenifanya niandike hii.

Mimi na mke wangu tumeweka akiba kwenye sacco miaka sita. Sasa tumefika pale pa kuamua: tununue wapi? Yeye anataka Ruaka. Mimi nataka Syokimau. Na shemeji mmoja, ambaye hakuna mtu alimuuliza, anasema tuachane na hizo zote, twende Kitengela tununue ploti tujenge pole pole. Kazi yangu iko Upper Hill, yake iko Westlands. Kila mtu ana hoja zake, lakini hoja zote zinaishia kwa neno moja: karibu. Ruaka ni karibu. Syokimau siku hizi ni karibu kwa sababu ya treni. Kitengela nayo, eti itakuwa karibu.

Nikajiuliza, karibu na nini hasa? Na nani aliamua ofisi ziwe huku na watu walale kule? Nikaanza kusoma historia ya hili jiji, na nimegundua kitu ambacho ningependa ukijue kabla hujaweka sahihi popote.

Turudi 1899. Reli inatoka Mombasa, inafika mahali Wamaasai waliita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Hapakuwa na mji. Wajenzi wa reli walipapenda kwa sababu mbili za kazi yao: palikuwa tambarare, pa mwisho kabla reli haijaanza kupanda milima ya Ukikuyu, na palikuwa na maji ya mto. Wakaweka stesheni, karakana na mabohari. Hapo ndipo Nairobi ilianza, kama kambi ya kazi.

Sasa angalia nani alilala wapi. Wakubwa wa reli walipanda kilima kilicho magharibi mwa stesheni. Huko juu kuna udongo mwekundu, maji hayatuami, na hewa ni safi. Vibarua na wafanyakazi wa chini wakabaki huku bondeni, kwenye safu za vyumba zilizoitwa landhies. Ukipita Landhies Road leo ukienda Muthurwa, unapita juu ya hilo jina. Na udongo wa upande huo wa mashariki ni ule mweusi mzito, ule mafundi wanauita black cotton. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka.

Kwa hivyo kabla mtu yeyote hajaandika sheria, ramani ilikuwa imeshaanza kuchorwa: juu magharibi wenye amri, chini mashariki wenye jasho.

Sheria zikafuata. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi, na soko likachomwa moto. Mwaka 1913 akaletwa mtaalamu wa afya, Profesa Simpson, akapendekeza kila rangi ikae mtaa wake. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba ubaguzi wa makazi mijini uachwe, lakini masharti yaliyoandikwa kwenye hati za viwanja yaliendelea kumzuia Mwafrika na Mhindi kununua mitaa ya wazungu. Mwafrika akapewa Pumwani, baadaye Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati. Zote mashariki, zote zikiangalia reli na Industrial Area.

Hapa ndipo nilisimama kidogo. Kwa sababu ukiangalia vizuri, Mwafrika wa Nairobi ya mkoloni alikuwa anaishi karibu na kazi kuliko mimi. Alitembea kwa miguu. Hakujua jam ni nini. Hicho tunachokitafuta leo kwa mamilioni, yeye alipewa.

Na kilimsaidia nini?

Nitakwambia habari ya babu yangu. Alikuja Nairobi mwaka 1958, akapata kazi kwenye kiwanda kimoja Industrial Area. Kampuni ikampa chumba Eastlands, dakika ishirini kwa miguu kutoka getini. Chumba kimoja, kwa sababu vyumba vingi vya wakati huo vilijengwa kwa hesabu ya mwanaume peke yake. Mshahara nao ulikuwa wa hesabu hiyo hiyo. Mke na watoto walitakiwa kubaki mashambani. Babu alifanya kazi miaka 28. Alipostaafu mwaka 1986 aliambiwa arudishe funguo mwisho wa mwezi. Alirudi Kakamega na sanduku, redio na baiskeli. Miaka 28 ya kuishi karibu na kazi, na hakuwa na hata tofali moja la Nairobi.

Kwa hivyo ukaribu wenyewe si mali. Babu alikuwa karibu kwa sababu mwajiri alimtaka awe karibu. Kazi ilipoisha, ukaribu nao ukaisha.

Baada ya uhuru wazazi wetu walijaribu kubadilisha hii hesabu. Mwaka 1965 serikali ya Kenya na shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, CDC, walianzisha kampuni ya kukopesha watu pesa za nyumba, HFCK. Miaka ya 1970 ikajengwa Buruburu, awamu kwa awamu, na karani, mwalimu, nesi wakaanza kulipa kidogo kidogo kwa mkopo wa miaka mingi. Umoja pia ikaja miaka hiyo, kwa msaada wa pesa za Marekani. Dandora ikaja kwa mpango wa Benki ya Dunia ambapo unapewa kiwanja chenye maji na choo, halafu unajijengea mwenyewe.

Angalia zilijengwa wapi, lakini. Mashariki tena. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeondoka, ardhi ya bei nafuu ilikuwa imebaki pale pale mkoloni aliiacha. Hata hivyo, walionunua Buruburu walikuwa na akili. Wakati huo kazi nyingi zilikuwa tao na Industrial Area, na Jogoo Road ilikuwa inakufikisha. Walinunua karibu na kazi kweli kweli.

Halafu kazi ikahama.

Hii ndiyo sehemu watu hawaambiwi na mabroka. Kuanzia miaka ya 2000, benki, makampuni ya bima na mashirika yalianza kutoka tao. Yalienda wapi? Upper Hill, kilima kile kile ambacho wakubwa wa reli walijenga nyumba zao. Yalienda Westlands. Yalienda Kilimani. Yaani ofisi zilifuata mahali wakubwa walikuwa wanaishi. Mtu wa Buruburu aliyenunua karibu na kazi miaka ya 1970, mtoto wake leo anapita jiji lote kufika ofisini. Nyumba haikusogea hata inchi.

Na mimi hapa, mwenye kandarasi ya miaka miwili Upper Hill, nataka kununua nyumba ya miaka arobaini kwa sababu ya hiyo kandarasi. Unaona shida?

Haya, turudi kwa zile tatu zetu, lakini sasa tukiziangalia kwa macho ya historia.

Ruaka iko Kaunti ya Kiambu. Udongo ni ule mwekundu mzuri wa upande wa juu. Lakini zamani yalikuwa mashamba ya familia, na familia ziligawia watoto vipande vidogo vidogo. Ndiyo maana leo unaona fleti ndefu zimebanana kwenye vichochoro ambavyo magari mawili hayapishani. Hakuna aliyepanga mji pale, ni urithi uliopangwa. Ukinunua fleti, uliza kama utapata hati yako binafsi ya nyumba chini ya sheria ya mwaka 2020, au utabaki na makaratasi ya mwenye jengo. Uliza maji yanatoka kwa bomba au kwa boza.

Syokimau iko Machakos, kwenye uwanda. Stesheni ya treni ya abiria ilifunguliwa Novemba 2012, mwezi ule ule Thika Road mpya ilizinduliwa. Treni inakushusha stesheni ya zamani ya tao, halafu unapanda Haile Selassie kwa miguu hadi Upper Hill. Nairobi Expressway, kilomita 27, ilifuata mwaka 2022, lakini kama huna gari au huna pesa ya kulipia kila siku, wewe bado uko chini kwenye jam ukiangalia nguzo. Halafu ni black cotton. Fundi akikupa bei ya nyumba, muulize msingi utashuka mpaka wapi, kwa sababu huo udongo ni lazima uchimbwe utolewe, ama nyumba itapasuka. Na kumbuka Novemba 2011: nyumba za watu zilibomolewa Syokimau, ikisemekana ardhi ni ya viwanja vya ndege. Wengine walikuwa wameshahamia, na makaratasi walikuwa nayo mkononi.

Kitengela iko Kajiado. Ilikuwa malisho ya Wamaasai, shamba la pamoja lililogawanywa kwa watu binafsi kuanzia miaka ya 1980, kisha kila mmoja akauza kipande. Pia ni njia ya wanyama wanaotoka Mbuga ya Nairobi kwenda nyikani, na mbuga imekuwepo tangu 1946. Ploti ni nafuu, lakini unanunua pia barabara ambayo haijajengwa, maji ambayo hayajafika, na saa mbili za asubuhi yako.

Na usiseme mafuriko ni mambo ya watu wengine. Aprili na Mei 2024 tuliona Mathare, tukaona Athi River. Maji hayasomi brosha. Yanajua bonde lilipo, kama wale wa 1899 walivyojua.

Wengine watasema, "Wewe unaongea kama mtu mwenye uchaguzi. Sisi tunanunua penye pesa inafika." Ni kweli, na sitabishana nawe. Ripoti za Benki Kuu zinaonyesha mikopo ya nyumba nchi nzima ni takriban 30,000 tu. Wengi wetu tunanunua na pesa ya sacco, chama, na kuuza ng'ombe. Lakini ndiyo maana hasa kosa letu ni ghali. Mwenye mkopo wa benki, benki yenyewe itatuma mtu akague hati kabla ya kutoa pesa. Sisi wa sacco na chama, mkaguzi ni wewe na mimi.

Maoni yangu, kwa hivyo, ni haya. Usinunue karibu na mwajiri wako, nunua karibu na njia. Mwajiri anahama, kandarasi inaisha, kampuni inafungwa. Mtaa wenye njia mbili tatu za kutoka, kwa mfano treni na barabara kubwa na baipasi, utakufikisha kazi hii na ile ijayo. Pili, tembelea wakati wa mvua, si Jumamosi ya jua na mabroka wakikupa soda. Tatu, uliza ardhi ilikuwa ya nani kabla ya anayekuuzia, na kabla ya huyo pia. Nenda ofisi ya ardhi mwenyewe, usitume mtu. Nne, weka miguu chini uone udongo.

Sisi bado hatujanunua. Jumamosi tulienda Syokimau na mke wangu, tena kulikuwa kumenyesha. Viatu vyake viliganda kwenye ule udongo, akaniangalia, hakusema kitu. Lakini tulirudi na treni, na ilipofika mjini akasema, "Sawa, hii njia naiona. Udongo ndio bado."

Tumekubaliana kitu kimoja tu mpaka sasa. Popote itakapokuwa, siku ya mwisho ya kazi hakuna mtu atatuomba funguo.