Neti ya kivuli

Neti ya kivuli ni wavu wa nyuzi za poliethilini unaotandazwa juu ya kitalu nyumba ili kupunguza jua na joto wakati wa kiangazi. Hutajwa kwa asilimia ya mwanga inaouzuia: nyanya na pilipili hoho huwekewa ya 30 hadi 40, ilhali mboga za majani kama saladi huvumilia hata 50. Joto la mchana likipita nyuzi 35 za Selsiasi, chavua ya nyanya hudhoofika na maua hupukutika kabla ya kutunga tunda. Matunda yaliyokwisha kutunga huungua upande wa jua. Ngozi hufanya baka jeupe linalonywea, kisha huoza.

Mahali pa kuifunga ni jambo zito kuliko rangi yake. Ikiwa nje, juu ya paa, huzuia jua kabla halijaingia. Ikiwa ndani, hufyonza mionzi na kuitoa tena kama joto juu ya mimea ileile, hasa ikiwa nyeusi. Iachiwe nafasi ya hewa kati yake na paa, wala isizibe matundu ya juu ya kutolea joto, kwani kivuli bila upepo hakitoshi.

Huko Almería, kusini mwa Hispania, penye maelfu ya hekta za vitalu vya plastiki, wakulima wengi hupaka paa chokaa badala ya kufunga neti, kisha huiosha jua linapopoa. Neti, tofauti na chokaa, huweza kukunjwa siku za mawingu, na ni kosa kubwa kuisahau juu: mimea iliyokosa mwanga hurefuka ovyo, shina hulegea na mavuno hupungua.