Mshtuko wa Moyo: Mambo 5 Yanayoamua Kama Moyo wa Buda Utarudi Fiti

Cheki hii. Buda wako ameshika kifua, jasho baridi linamtoka, maumivu yanapanda hadi mkono na taya. Majirani wanasema ni asidi tu, apewe maziwa alale. Mazee, usikubali.

Mshtuko wa moyo hutokea damu ikiganda na kuziba mshipa unaolisha moyo. Misuli inayokufa huacha kovu na hairudi. Lakini kuna ile imezimia tu. Hiyo ikipata damu mapema, inaweza kuamka baada ya siku au wiki kadhaa. Inategemea haya:

1. Muda
Hii ndiyo kubwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya masaa 12, ila inasaidia zaidi masaa 2 au 3 ya kwanza. Ambulensi haipiti vichochoro vya Kibera, kwa hivyo piga 1199 ya Red Cross huku wasee wakimbeba hadi Kibera Drive. Uko Kawangware? Mtoeni hadi Naivasha Road. Asitembee mwenyewe.

2. Mshipa ulioziba
Ule mkubwa wa mbele ukiziba, misuli mingi huumia, na kupona huchukua muda.

3. Sukari na presha
Hizi huharibu mishipa midogo. Daktari anaweza kufungua mshipa mkubwa na kuweka stenti, na bado damu isifike vizuri kwa misuli. Tena mgonjwa wa sukari anaweza kupata mshtuko bila kuskia uchungu wa kifua. Ukiona amekosa pumzi na kuishiwa nguvu ghafla, mpeleke hosi.

4. Dawa
Buda akijiskia poa anaacha dawa ndio aokoe doo. Noma! Kama ana stenti, kuacha dawa za kuzuia damu kuganda kunaweza kuiziba ghafla. Doo ikiisha, rudini kwa daktari muongee kabla dawa haijaisha.

5. Fegi na mazoezi
Fegi hubana mishipa, kwa hivyo aache kabisa. Kutembea kidogo kidogo, vile daktari ameshauri, huupa moyo nguvu.

Baada ya wiki kadhaa, arudi apigwe picha ya moyo ya eko. Hapo ndipo mtajua misuli gani imeamka.

Sasa sevu 1199 kwa simu yako. Siku ya noma hutakuwa na muda wa kuitafuta.