Ladha ya Kiko na Njia ya Makambako

Mvutaji hupenda kukisifu kiko chake. Moshi ukimpendeza, ni kiko. Ukimwasha ulimi, ni kiko hicho hicho. Lakini historia ya Nyanda za Juu Kusini yaonyesha kwamba kiko ni shahidi wa mwisho tu. Ladha imekwisha kufanywa zamani, mbali na mdomo unaoionja.

Kiko kilichosifiwa kuliko vyote ni kile cha fundo la mzizi wa Erica arborea, mti wa nchi za Mediteranea ambao pia humea wenyewe katika mlima Kilimanjaro. Mafundi wa Saint-Claude, Ufaransa, walishika kukichonga katikati ya karne ya 19. Fundo huchemshwa utomvu utoke, hukaushwa kwa miezi, ndipo likachongwa. Haliungui upesi, hunyonya unyevu wa moshi, na masizi yagandayo ndani hulikinga zaidi. Kiko kipya huonja mti; kilichozoea hunyamaza, likasema jani.

Na jani lasema yaliyolipata. Kusini ya Njombe, katika nchi ya Songea, wakulima walishika tumbaku ya moshi, na mwaka 1936 wakaungana katika ushirika wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT. Majani yalitungikwa ndani ya bani, na chini yake moto wa kuni ukafuka polepole. Moshi uliyapenya, ukayatia weusi, uzito na ukali. Kaskazini, Iringa na Urambo, ililimwa tumbaku ya mvuke: joto hupita ndani ya mabomba, moshi usiliguse jani, na sukari ikabaki. Jani hilo ni la manjano, tamu puani, lakini humuuma ulimi mvutaji mwenye pupa.

Kati ya nchi hizo mbili iko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka hapo, Makambako. Hapo barabara ya Songea hukutana na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Lami ilipofika Songea katika miaka ya 1980, Makambako ikawa mlango wa kusini. Safari nayo ina neno katika ladha, kwa kuwa jani la tumbaku hunywa unyevu wa hewa na kuutema. Upepo mkavu wa kipupwe wa nyanda za juu hulifanya livunjike mkononi. Hewa ya pwani hulilegeza. Likikauka mno huwaka upesi na kupoteza harufu. Likilowa mno hutoa mvuke uchomao. Fungu ni moja, ladha ni mbili.

Pwani ilikuwa na njia yake ya kuupoza moshi: kiko cha maji. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, aliyahifadhi majina yake: bori la kutilia tumbaku, digali la kupitisha moshi hadi majini, kiko chenyewe chenye maji, shilamu ya mdomoni, na mbubujiko wake ukiitwa malio ya kiko. Lugha iliyokipa chombo kimoja majina manne, na sauti yake jina la tano, ilikuwa imekisikiliza kwa makini. Lakini maji hupoza moto, hayaondoi sumu. Tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na hakuna mzizi wala maji yaliyoibadili hesabu hiyo.

Iko na hesabu nyingine. Kila bani ilidai kuni, na kuni zilitoka katika misitu ya miombo. Mkulima alilipwa kwa kilo na kwa daraja la jani. Ladha ikahesabiwa kuwa ya kiko. Mvutaji wa ng'ambo alilisoma jina la fundi lililopigwa muhuri juu ya shina. Jina la aliyekesha akiuchunga moto, usizimike wala usiwake, halikupigwa muhuri popote. Nalo ndilo alilokuwa akilionja.