Ngaitana: Neno, Wembe na Mwili Usiotimia katika Historia ya Meru na Embu

Kitenzi cha Kimeru ngaitana kimebeba historia kubwa kuliko urefu wake. Mzizi wake ni -tan-, ambao maana yake ni kutahiri. Kiambishi -i- kilichoutangulia ni cha kujitendea, nacho hakina tofauti ya kazi na -ji- ya Kiswahili katika kujiosha au kujilaumu. Tafsiri yake ya moja kwa moja ni 'nitajitahiri'. Jina hilo walipewa, nao wakalikubali, wasichana wa wilaya ya Meru ambao kuanzia mwaka 1956 walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani, wakakatana wao kwa wao.

Mwaka uliofuata, 1957, mwanabiolojia wa Kiingereza Julian Huxley alichapisha insha iliyolieneza jina la transihumanizimu, yaani falsafa ya kuuvuka ubinadamu tulio nao. Alishikilia kwamba mwanadamu ni kiumbe asiyekwisha kuumbwa, na kwamba maarifa yake mwenyewe yatamwezesha kujikamilisha. Huxley hakuwa mgeni wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 alitumwa huku na Wizara ya Makoloni ya Uingereza kuchunguza mafunzo ya elimu ya viumbe mashuleni, na kitabu cha safari hiyo kikatoka 1931. Mwaka huo wa 1929 ndio misheni za Kiskoti na Waagikuyu walipofarakana juu ya tohara ya wasichana. Hapana ushahidi kwamba wasichana wa Meru walipata kumsikia Huxley, wala hapana haja ya ushahidi huo. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba wazo la mwili usiotimia, wazo ambalo leo huzungumzwa kana kwamba lilizaliwa katika maabara za Ulaya na Marekani, lilikuwa msingi wa elimu ya jadi kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene.

Katika elimu hiyo mtoto hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kwa miaka yake, bali kwa kazi iliyofanywa juu ya mwili wake. Msichana wa Meru alitogwa masikio, akachanjwa chale za tumboni, ndipo mwishowe akatahiriwa. Na kila hatua ilikuwa na jina lake na haki zake. Kabla ya kutahiriwa aliitwa mukenye. Baada yake ngutu. Hakukuwa na njia nyingine ya kulipata jina hilo la pili. Waembu nao, pamoja na Wambeere na Wagikuyu, waliiita sherehe hiyo irua, na Jomo Kenyatta aliitetea kwa kirefu katika kitabu chake cha 1938. Yafaa kukumbuka kwamba kisu kilikuwa sehemu ndogo ya shughuli yote. Mafunzo, nyimbo, kukaa faraghani, na ngazi za mabaraza ya wanawake ambayo mama wa mtahiriwa aliweza kuzipanda kwa sababu ya mwanawe, vyote vilitegemea mkato huo. Aliyeukosa alikosa na hivyo vyote.

Hapa tafsiri imewapoteza wengi. Kiswahili kilipotafuta neno la kueleza jambo hili kilichukua kutahiri na tohara, maneno ya asili ya Kiarabu ambayo shina lake ni usafi. Katika -tan- ya Kimeru halimo wazo la kutakasa uchafu. Lililomo ni kuhamisha, kumtoa mtu daraja moja na kumtia katika nyingine. Miaka ya karibuni limeshika neno jingine, ukeketaji, kutoka kukeketa, yaani kukata kwa kisu kisicho makali. Neno la kwanza linasifu, la pili linashutumu. Na yeyote aandikaye juu ya Meru kwa Kiswahili amekwisha kutoa hukumu kabla ya kumaliza sentensi yake ya kwanza. Pengine ingefaa mwanahistoria aanze kwa kuliungama hilo.

Serikali ya kikoloni haikuwa na msimamo mmoja. Katikati ya miaka ya 1920 Mabaraza ya Wenyeji, ya Embu na Meru yakiwamo, yalihimizwa kupitisha maazimio ya kupunguza ukubwa wa mkato na kuwaandikisha wakataji. Misheni zilitaka zaidi. Chogoria, ambako Dakta Archibald Irvine alianzisha kazi ya Kanisa la Scotland mwaka 1922, ilipoteza sehemu kubwa ya waumini wake walipotakiwa kuapa kwamba wameiacha mila. Katika Embu mzozo ulifika Kigari, kituo cha CMS tangu 1910, na baadhi ya watu wakatoka wakajenga shule zao za kujitegemea.

Jambo la ajabu zaidi lilitokea Meru katika miaka ya 1930. Maofisa waliona kwamba wasichana walitahiriwa wakiwa wamekwisha kupevuka, na kwa kuwa mimba ya mukenye ilikuwa mwiko mkubwa, mimba hizo zilitolewa. Watawala waliotaka idadi ya watu iongezeke walikata shauri kwamba dawa ni kushusha umri wa kutahiriwa. Basi serikali ile ile iliyoambiwa na wamisheni kwamba mila hii ni ukatili iliamuru wasichana wadogo wakusanywe na kutahiriwa kwa pamoja, polisi wakiwa karibu. Wameru waliliita tendo hilo kigwarie, yaani jambo la ghafla lisilotarajiwa. Mwili wa mtoto wa kike ulikuwa umegeuka chombo cha hesabu ya watu. Wakati huo huo Nairobi, mwaka 1933, baadhi ya walowezi na madaktari waliunda chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari, na ubongo wa Mwafrika ukapimwa kwa mizani ili udogo wa akili yake upate kuthibitishwa. Huxley mwenyewe aliongoza Chama cha Yujeniki cha Uingereza kuanzia 1959 hadi 1962. Fikra ya kumkamilisha binadamu imetembea mara nyingi na wenzi wa namna hiyo, na haifai kuisimulia kana kwamba ilitembea peke yake.

Mtu mmoja katika habari hizi atajulikana kwa wasomaji wa lugha. H. E. Lambert, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, ndiye hasa aliyesukuma baraza la wazee, Njuri Ncheke, litambuliwe na serikali. Ndiye huyo huyo aliyechapisha, katika miaka ya 1957 na 1958, uchunguzi wake wa lahaja za Kivumba, Chichifundi na Chijomvu. Wanafunzi wa lahaja humkumbuka kwa masikio yake makini. Meru aliacha baraza lenye nguvu ya kutoa amri.

Amri hiyo ilitoka Aprili 1956. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado inaendelea, watu wamekusanywa katika vijiji vya lazima, na Njuri ilikuwa upande wa serikali. Wazee waliokutana Nchiru walipiga marufuku tohara ya wasichana kwa kauli moja. Walikuwa wanaume. Mabaraza ya wanawake, ambayo jambo hili lilikuwa lao tangu jadi, hayakuwa na kauli.

Kilichofuata hakikutazamiwa na yeyote. Wakataji wazoefu waliogopa kushitakiwa, basi wasichana wakakifanya wenyewe. Kisu cha chuma cha mkataji, pamoja na ujuzi wa miaka mingi uliokuwa nyuma yake, kiliachwa. Mahali pake pakashikwa na wembe wa kiwandani wa senti chache. Walipokamatwa na kuulizwa nani aliyewatahiri, walijibu kwa kiambishi cha kujitendea: nimejitahiri. Jibu hilo liliwafunika mama na nyanya zao, kwa maana sarufi yenyewe iliondoa mtenda mwingine. Lakini lilikuwa pia dai. Katika muda wa miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishitakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuvunja amri hiyo. Walitozwa faini, wakafungwa, wakafanyishwa kazi za nguvu. Mbuzi wa baba zao walitwaliwa na nyumba nyingine zikachomwa na askari wa ulinzi. Amri ikafifia, na mwisho wa mwongo huo ikaachwa.

Ushujaa wa wasichana hao usifiche gharama yake. Wembe ulikuwa mkononi mwa asiye na ujuzi, palipo pa siri hapakuwa na mganga, na hata mikononi mwa mkataji hodari mkato ule uliacha damu, maumivu, na shida za uzazi ambazo waliookoka walizichukua maisha yao yote. Baadhi ya waliokuwa Ngaitana walisema baadaye kwamba wenzao wakubwa hawakuwahesabu kuwa wametimia, kwa kuwa mafunzo na sherehe hayakuwapo. Wembe ulifanya kazi ya kisu, haukuweza kufanya kazi ya nyimbo.

Jambo hili la mwisho ndilo lililoshikwa Tharaka mwaka 1996, Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la PATH walipoanzisha sherehe isiyo na mkato. Iliitwa Ntanira na Mugambo, 'tohara kwa sauti', au kama wengi wanavyoifasiri, kwa maneno. Mzizi ni ule ule -tan-. Kilichobadilika ni chombo. Wasichana walikaa faraghani, wakafundishwa, wakatolewa mbele ya watu kwa zawadi na nyimbo, na mwili wao ukaachwa kama ulivyo. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa jamii iliyosema waziwazi hivyo kwamba kinachomtimiza mtu kilikuwa maneno, na kwamba kisu kilikuwa muhuri tu.

Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza mkato huo kwa walio chini ya miaka 18, na sheria ya 2011 ikaukataza kwa wanawake wa umri wowote. Kiasi cha wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 waliokatwa kilikuwa asilimia 21 katika uchunguzi wa 2014 na asilimia 15 katika ule wa 2022. Lakini hoja ya 1956 haikufa. Mwaka 2017 daktari mmoja, Tatu Kamau, aliishitaki serikali akidai kwamba mwanamke mzima ana haki ya kuuamua mwili wake mwenyewe. Ni dai lile lile wanalolitoa wafuasi wa transihumanizimu wa siku hizi, kwamba kila mtu ana uhuru wa kuubadili umbo wake apendavyo. Machi 2021 Mahakama Kuu ililitupilia mbali, ikiona kwamba mahali ambapo jamii nzima inamsubiri msichana akubali, kukubali kwake hakuwezi kuhesabiwa kuwa hiari. Kwa lugha ya sarufi, mahakama ilikataa kuamini kwamba -i- ya ngaitana husimama peke yake.