Usafirishaji haramu wa binadamu: maana yake kwenye machimbo ya dhahabu

Wengi wakisikia "usafirishaji haramu wa binadamu" hufikiria basi la usiku, njia za panya mpakani na pasipoti bandia. Kwa mikoa ya Shinyanga na Geita, fikra hiyo inaacha nje sehemu kubwa ya uhalifu wenyewe. Kijana anaweza kutumikishwa kwenye machimbo ya kijiji alichozaliwa, na bado kosa hili likawa limetimia.

Maana rasmi ya istilahi hii inatoka katika Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000. Tanzania iliiridhia mwaka 2006, kisha ikatunga Sheria Na. 6 ya mwaka 2008. Itifaki imesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni tendo: kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. Ya pili ni njia: nguvu, vitisho, utekaji, ulaghai, au kutumia vibaya unyonge wake. Ya tatu ni lengo, yaani unyonyaji: kazi ya lazima, utumwa, kumtumikisha mtu katika ukahaba, kuondoa viungo vyake. Kusafirisha, basi, ni tendo moja tu kati ya matano. Na kwa aliye chini ya miaka 18, nguzo ya pili haihitajiki: hata kama hakutishwa wala hakudanganywa, aliyemchukua ili amnyonye ana hatia.

Tuchukue mfano. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, wilayani Kahama anamtuma mtu vijijini kutafuta vijana. Kijana wa miaka 16 anaahidiwa mshahara wa kila mwezi. Akifika, anaambiwa kwamba nauli, tochi na chakula cha mama lishe ni deni, litakatwa mawe yakitoka. Simu yake inashikwa. Kila siku anashuka duarani kwa kamba, na kila siku deni linaongezeka. Aliyetumwa ameandikisha, mwenye duara amepokea, na lengo la wote wawili ni jasho lisilolipwa. Hata kama kijana huyo angetoka kitongoji cha jirani na kuja kwa miguu, kosa lingekuwa lilelile.

Lakini istilahi hii isipanuliwe kupita kiasi. Utaratibu wa kugawana viroba vya mawe kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji ni wa siku nyingi. Mtu mzima anayepata mgao wake na kuondoka siku anayotaka si mtumwa, hata kama mgao ni mdogo. Vilevile, mtoto anayeponda mawe pamoja na wazazi wake yumo katika ajira mbaya ya watoto, inayokatazwa na Mkataba Na. 182 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1999. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza kumwajiri mgodini yeyote aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto walivyofanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Huo ni uovu unaotosha kushtakiwa kwa jina lake. Ukipewa jina lisilo lake, kesi inaweza kuanguka mahakamani.

Tatizo linakuwa gumu zaidi dhahabu inapoingia katika mnyororo wa ugavi. Mawe hutoka duarani yakaenda kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, kisha mwaloni yanakooshwa, kisha kwenye zebaki na moto. Dhahabu hupelekwa kwenye masoko ya madini, kama lile la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, na nyingine husafishwa Mwanza kabla ya kuuzwa nje. Sokoni hupimwa uzito na usafi wake, na mrabaha hukatwa. Jina la muuzaji huandikwa. La aliyeshuka duarani halimo. Ikishayeyushwa pamoja na nyingine, hakuna kipimo cha kuonyesha ipi ilichimbwa na mtu huru.

Kwa hiyo taarifa ambayo mnunuzi wa dhahabu anaiandika ofisini pekee haitoshi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 kuhusu utumwa mamboleo inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutangaza hatua zilizochukua, lakini inaruhusu hata tamko kwamba hazikuchukua hatua yoyote. Mnunuzi mwaminifu hutuma watu mpaka duarani wakaulize: nani alikuleta? Unadaiwa nini? Unalipwaje? Ukitaka kuondoka leo, nani atakuzuia?

Wapo wanaopendelea "biashara haramu ya binadamu", lakini jina hilo nalo hutufanya tutafute mnunuzi na bei, ilhali wengi wanaonyonywa hawajawahi kuuzwa. Tubaki na "usafirishaji haramu wa binadamu", lakini kila mkataba wa ununuzi wa dhahabu na kila semina ya wachimbaji vitaje wazi tendo, njia na lengo. Nawe msomaji, ukiona mtoto anatumikishwa machimboni, usisubiri kuona basi lililomleta. Toa taarifa polisi, kwa afisa ustawi wa jamii, au piga simu 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto.